Mahali pa Kufunga Themostati Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kuchagua, Kujaribu na Kufunga

Themostati hupima joto la hewa inayoigusa na la ukuta unaoibeba, basi. Haina habari na chumba cha kulala kilicho upande wa pili wa nyumba, wala na kiti cha mzee kilichowekwa karibu na dirisha. Hata hivyo, kwa kipimo hicho kimoja ndiyo inayoamua mtambo wa kupasha joto au kiyoyozi kiwake lini na kizimwe lini kwa ajili ya wote waliomo ndani. Ndiyo maana kifaa cha bei kubwa kilichofungwa mahali pabaya hufanya kazi mbovu kuliko kifaa cha kawaida kilichofungwa mahali panapofaa.

Tuchukue themostati iliyofungwa juu kidogo ya taa ya mezani. Wakati wa baridi, taa ikiwashwa jioni, hewa inayopanda kutoka kwenye taa huifanya themostati iamini kwamba chumba kimekwisha kupata joto, nayo huzima mtambo mapema huku watu wakitafuta mablanketi. Wakati wa joto kali, hitilafu hiyohiyo hukilazimisha kiyoyozi kufanya kazi bila kupumzika, kwa kuwa themostati inadhani chumba hakijapoa. Ikifungwa mahali panapopigwa na upepo wa mlangoni, hewa ya nje ndiyo inayoidanganya: nyumba hupashwa joto kupita kiasi wakati wa baridi na kupozwa kupita kiasi wakati wa joto. Na ikiwa hewa inayotoka kwenye mtambo wenyewe inaipuliza moja kwa moja, mtambo utawaka na kuzima kila baada ya dakika chache, jambo linalochakaza kompresa (pampu inayokandamiza gesi ya kupozea) na rilei (swichi ya umeme inayowasha na kuzima mtambo) na kula umeme bila faida.

Kabla ya kuingia katika hatua zenyewe, kuna tofauti moja ambayo msomaji anapaswa kuishika, kwa sababu itaamua maswali mengi huko mbele. Kosa la kipimo lisilobadilika linavumilika. Kosa linalobadilikabadilika halivumiliki. Mahali ambapo daima pana joto pungufu kwa nyuzi moja kuliko katikati ya chumba panaweza kutumika, kwa kuwa nyuzi hiyo moja inaweza kurekebishwa kwenye kifaa au kwa kupandisha tu kiwango unachokiweka. Lakini mahali ambapo asubuhi pamepungua nyuzi moja, mchana pamezidi nyuzi tatu kwa sababu ya jua na usiku pako sawa hapana marekebisho. Themostati nyingi za nyumbani huwasha na kuzima mtambo ndani ya tofauti ya takriban nusu nyuzi hadi nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo mwale wa jua unaoongeza nyuzi tatu unazidi kwa mbali upana wote ambao kifaa kinafanyia kazi.

Hatua ya kwanza: elewa mtambo unaoamrishwa

Swali la mahali haliwezi kujibiwa bila kujua themostati inaamrisha nini. Katika nyumba yenye mtambo mmoja unaosukuma hewa ya moto au baridi kupitia njia za hewa zilizofichwa darini au chini ya sakafu, themostati moja husimamia vyumba vyote, na kosa la mahali huenea nyumba nzima. Katika nyumba yenye boila (mtambo wa kupasha maji moto) na radieta za maji hayo, yaani vyuma vya kutoa joto vilivyofungwa vyumbani, kwa kawaida kuna themostati moja ya chumba inayoiamrisha boila, pamoja na vali za joto, zinazofunga maji ya radieta zenyewe chumba kinapopata joto la kutosha, zilizofungwa kwenye radieta za vyumba mbalimbali. Hita za umeme za ukutani kwa kawaida huwa na themostati yake kila chumba, na mara nyingi mkondo wote wa umeme wa hita hupita ndani ya themostati hiyo. Sakafu yenye mabomba au nyaya za joto huhitaji kipimo cha hewa, kipimo cha sakafu yenyewe, au vyote viwili.

Kiyoyozi cha ukutani chenye sehemu ya ndani na ya nje kina namna yake. Kihisi chake cha joto kwa kawaida kimo ndani ya sehemu ya ndani, mahali hewa ya chumba inapovutwa kuingia, yaani juu ukutani ambako hewa huwa na joto zaidi kuliko kule chini watu waliko. Baadhi ya viyoyozi vina rimoti yenye kihisi chake, na ukiwasha uwezo huo, joto hupimwa pale rimoti ilipo. Hapo rimoti inakuwa ndiyo themostati, na kila kinachosemwa hapa kuhusu jua, taa na upepo kinaihusu: isiachwe kwenye kizingiti cha dirisha, isifunikwe kwa shuka, na iwekwe mahali ambapo inaweza kuonana na kiyoyozi bila kizuizi ili ishara zake zifike.

Soma pia lebo au kitabu cha mtambo ujue volti zinazofika kwenye themostati. Mifumo mingi ya Amerika Kaskazini hutumia volti 24 kwa nyaya za udhibiti. Mifumo mingi ya boila kwingineko, na hita nyingi za umeme, hupeleka umeme kamili wa nyumba hadi kwenye themostati. Tofauti hiyo inaamua nani anaruhusiwa kuigusa kazi hii, jambo tutakalolirudia.

Hatua ya pili: chagua chumba kabla ya kuchagua ukuta

Mwaka 1883 Warren Johnson, mwalimu katika chuo cha ualimu cha Whitewater katika jimbo la Wisconsin, Marekani, alipata hataza ya kifaa cha umeme kilichopima joto la chumba na kumpa ishara mhudumu wa tanuru. Kabla ya hapo, ilimbidi mhudumu aingie darasani katikati ya somo ili kujua kama wanafunzi wanaona baridi. Tanuru lilikuwa chini ya jengo, lakini kipimo kiliwekwa walipokaa watu, na kanuni hiyo haijapitwa na wakati: kipimo kiwe pale ambapo watu hutumia saa nyingi za siku, hasa saa wanazokaa bila kujishughulisha, maana anayefagia au kupika haoni baridi kama aliyeketi akisoma.

Kwa nyumba nyingi chumba hicho ni sebule. Wajenzi wengi, hata hivyo, wameizoea korido, kwa hoja kwamba iko katikati ya nyumba, haina madirisha na nyaya hufika kwa urahisi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake pale ambapo mtambo ni wa hewa na korido ndiyo njia ya hewa inayorudi kutoka vyumbani, kwa kuwa hapo themostati hupata wastani wa vyumba vyote. Lakini korido isiyo na radieta wala tundu la hewa, ambayo milango yote inayoizunguka hufungwa usiku, haimwakilishi mtu yeyote. Mimi huiona kama chaguo la pili, la kukimbiliwa pale sebule inapokuwa na jua kubwa au jiko la kuni.

Jiko la kuni au meko ya ukutani ni kisa cha pekee. Moto ukiwashwa sebuleni na themostati ikiwa humohumo, chumba hicho kitafika joto lililowekwa na mtambo utanyamaza, wakati vyumba vya kulala vikiendelea kupoa. Kama moto huwashwa mara moja moja kwa ajili ya wageni, hasara si kubwa. Kama huwashwa kila jioni, themostati ihamie chumba kingine.

Jiko la kupikia na bafu huondolewa katika orodha moja kwa moja, kwa sababu joto na mvuke wake hupanda na kushuka kwa kasi. Ikiwa jiko na sebule ni ukumbi mmoja usio na ukuta katikati, chagua upande ulio mbali na mapishi. Chumba cha wageni kisichotumika nacho hakifai, na kwa themostati mpya zenye kihisi cha kutambua mwendo hakifai maradufu: kifaa kisipoona mtu akipita kwa muda huamini kwamba nyumba haina mtu, kisha hujipeleka kwenye hali ya kubana matumizi wakati wenyeji wamejaa sebuleni.

Nyumba ya ghorofa yenye themostati moja huleta mvutano usio na suluhisho kamili. Hewa yenye joto hupanda kupitia ngazi na ile ya baridi hushuka, hivyo themostati iliyofungwa juu ya ngazi huona joto ambalo walio chini hawalipati, na iliyofungwa chini ya ngazi hupigwa na hewa baridi inayotiririka kutoka juu. Sehemu zote mbili ziepukwe. Pale ambapo shida kubwa ni baridi, ghorofa ya chini wanakokaa watu mchana ndiyo yenye haki ya kipimo. Pale ambapo shida ni joto na watu hulala juu, inafaa kutumia themostati inayopokea vipimo vya vihisi vya mbali visivyotumia waya, ili mchana isikilize kihisi cha chini na usiku isikilize cha chumba cha kulala. Suluhisho kubwa zaidi, na ghali zaidi, ni kuigawa nyumba katika kanda mbili zenye themostati zake.

Kwa wenye radieta kuna sharti moja ambalo husahaulika mno. Chumba chenye themostati ya kuiamrisha boila kisiwe na vali ya joto inayofanya kazi kwenye radieta yake. Iondolewe au ifunguliwe hadi mwisho. Vinginevyo vali itafunga maji chumba kinapofika nyuzi 19, themostati iliyowekwa nyuzi 21 itaendelea kusubiri joto ambalo halitakuja, na boila itazidi kuchoma mafuta au gesi bila kukoma huku vyumba vingine vikipashwa kupita kiasi.

Hatua ya tatu: chagua ukuta, na uukague pande zote mbili

Ukuta uwe wa ndani, yaani unaotenganisha chumba na chumba. Ukuta wa nje hufuata hali ya hewa ya nje kwa kuchelewa, na kama ni wa matofali au zege huweza kubeba baridi ya usiku hadi adhuhuri au joto la mchana hadi usiku wa manane. Themostati iliyofungwa juu yake husoma historia ya jana badala ya hali ya sasa. Hata ukuta wa ndani unaokutana na ule wa nje usitumike karibu na kona: acha angalau sentimita 45. Kona zenyewe ni mbaya kwa sababu nyingine pia, kwamba hewa hutuama humo.

Kisha nenda upande wa pili wa ukuta uliouchagua. Hatua hii huchukua dakika moja, na wengi huiruka. Nyuma ya ukuta mzuri wa sebule kunaweza kuwa na oveni, mgongo wa friji, bafu lenye mabomba ya maji ya moto, dohani, au stoo isiyopashwa joto. Kinachofichwa ndani ya ukuta ni kigumu zaidi kukigundua. Fungulia maji ya moto kwa dakika kumi, washa mtambo wa joto, kisha pitisha kiganja polepole juu ya ukuta kuanzia sakafuni hadi usawa wa kichwa na uhisi kama kuna ukanda wenye joto kuliko sehemu nyingine. Mwenye kipima joto cha miale ya infraredi atapata jibu la haraka: sehemu zote za ukuta zinapaswa kutoa vipimo vinavyokaribiana, na sehemu inayotofautiana kwa nyuzi moja au zaidi ina jambo nyuma yake.

Angalia pia vitu vya umeme. Swichi za kufifisha taa hupata joto zikiwa kazini, kwa hiyo themostati isifungwe juu yake wala katika kisanduku kimoja nazo. Televisheni, kompyuta, redio kubwa, king'amuzi na ruta ya intaneti zote hutoa joto linalopanda wima, na hivyo kilicho chini ya themostati kina madhara makubwa kuliko kilicho pembeni yake.

Hatua ya nne: tafuta hewa inayotembea bila kusukumwa

Themostati inahitaji hewa ya chumba iifikie kwa mwendo wake wa kawaida. Nyuma ya mlango unaobaki wazi, nyuma ya pazia, ndani ya shubaka, kati ya kabati mbili ndefu au juu ya rafu iliyojaa vitabu, hewa husimama na kipimo huchelewa nyuma ya hali halisi. Upungufu huu hauonekani mara moja, kwa kuwa kifaa kinafanya kazi. Ila chumba hupitiliza joto lililotakiwa, kisha hupoa mno kabla mtambo haujawaka tena.

Upande wa pili wa tatizo ni upepo. Usiifunge karibu na mlango wa nje, dirisha linalofunguliwa, tundu la kutolea hewa la mtambo, au chini ya feni ya dari. Tundu la hewa linaweza kudhuru hata likiwa ukuta wa pili, ikiwa vibao vyake vimeelekezwa upande wa themostati. Kulijua hilo si kazi: washa mtambo na feni kwa nguvu zote, kisha ushike kipande chembamba cha karatasi ya shashi mahali unapokusudia kufunga. Kikining'inia kimya au kikitikisika kidogo tu, pako sawa. Kikilala upande, tafuta pengine au ugeuze vibao vya tundu. Kwa mitambo ya hewa, mahali pazuri mno ni karibu na njia ya hewa inayorejea kwenye tundu la kurudishia, lakini nje ya mkondo wenyewe, kwa kuwa hewa hiyo imekwisha kuzunguka na kuchanganyika.

Jua linahitaji uangalifu zaidi kuliko vyote, kwa sababu hubadilisha njia. Katika nchi zilizo mbali na ikweta, jua la majira ya baridi hupita chini angani na miale yake huingia ndani sana ya chumba, kwenye kuta ambazo wakati wa joto hazikuguswa hata kidogo. Anayechagua ukuta katikati ya kiangazi anaweza kushangaa miezi sita baadaye. Karibu na ikweta mabadiliko hayo ni madogo, lakini jua la asubuhi na la jioni huingia kwa kulala, na jua lililoakisiwa na sakafu ya vigae vyeupe au kioo kikubwa nalo huhesabika.

Hatua ya tano: amua kimo

Hewa hujipanga kwa matabaka, iliyo baridi chini na yenye joto juu, na tofauti kati ya sakafu na dari huweza kufika nyuzi kadhaa katika chumba chenye dari ndefu. Desturi ya mafundi ni kati ya mita 1.2 na 1.5 kutoka sakafuni. Kimo cha mita 1.5 kinasomeka vizuri kwa aliyesimama na hakifikiwi kirahisi na watoto wadogo. Kimo cha mita 1.2 kinaweza kufikiwa na mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu, na kiko karibu zaidi na kichwa cha mtu aliyeketi, ambacho wapimaji wa hali ya hewa ya ndani hukikadiria kuwa mita 1.1. Kwa maoni yangu, nyumba yenye mzee au mtu mwenye ulemavu haina sababu ya kupita mita 1.2, na nyumba nyingine hazipotezi chochote kwa kufuata kimo hichohicho.

Hatua ya sita: jaribu mahali hapo kabla ya kutoboa ukuta

Hapa ndipo kazi inapostahili muda. Tafuta vipima joto vitatu vya kidijitali vya bei ndogo. Kwanza viweke pamoja mezani kwa saa moja na uandike tofauti kati yao, maana vifaa vya bei ndogo mara nyingi havikubaliani. Kisha kimoja kibandike kwa tepu isiyoharibu rangi pale unapokusudia kufunga themostati, cha pili kiweke kwenye mahali pengine unapopafikiria, na cha tatu kiweke katikati ya sehemu ambayo watu hukaa, kwa usawa wa kichwa cha aliyeketi, mbali na jua na taa.

Kwa siku tatu au nne, andika vipimo vyote kwa nyakati zilezile: alfajiri kabla mtambo haujawaka, jua linapoingia chumbani, wakati wa kupika, jioni taa na televisheni zikiwa zimewashwa, na usiku watu wanapokwenda kulala. Jaribu kupata angalau siku moja ya jua kali na moja ya mawingu. Usisimame karibu na kipima joto unapokisoma, kwa kuwa pumzi na mwili vinatosha kukivuruga.

Sasa rudi kwenye ile tofauti ya mwanzo. Usiangalie ni kipimo kipi kinacholingana zaidi na cha katikati ya chumba. Angalia ni kipi kinachopanda na kushuka pamoja nacho. Tuseme mahali pa kwanza palikuwa pamepungua nyuzi 1.0, 1.2, 0.9 na 1.1 katika nyakati nne, na mahali pa pili palitofautiana kwa 0.1, kisha kuzidi kwa 2.3, kisha kupungua kwa 0.4, kisha kuzidi kwa 0.8. Mahali pa pili pana wastani wa kosa mdogo zaidi, na bado ni pa kwanza panapofaa, kwa sababu kosa lake linajulikana na litaondolewa kwa marekebisho ya mara moja.

Kama themostati yako haitumii waya, majaribio haya ni rahisi zaidi, kwani unaweza kuisimamisha yenyewe mahali mbalimbali. Hakikisha tu kwamba mawasiliano yanafika hadi kwenye kipokezi kilicho karibu na boila: kuta nene za zege, kabati za chuma na vioo vikubwa hudhoofisha ishara, na kipokezi kilichofungiwa ndani ya sanduku la chuma huweza kutosikia kabisa. Themostati ya kuhamishika ina kishawishi chake, nacho ni kuibeba kutoka chumba hadi chumba kufuatana na anayeona baridi siku hiyo. Ukifanya hivyo, kiwango ulichokiweka hakina maana tena, kwa hiyo ipatie makao mamoja.

Hatua ya saba: njia ya waya na kazi ya kufunga

Waya isiwe ndiyo inayochagua mahali. Themostati nyingi zilizofungwa vibaya ziko pale zilipo kwa sababu tu palikuwa njia fupi kutoka kwenye mtambo. Ikiwa mahali bora ni pagumu kupitisha waya, linganisha njia tatu: kurefusha waya kupitia darini au chini ya sakafu, kutumia themostati isiyotumia waya, au kuiacha ya zamani ilipo na kuongeza kihisi cha mbali pale panapofaa. Njia ya tatu mara nyingi huwa na usumbufu mdogo kuliko zote, mradi kifaa chako kinakubali vihisi vya nje na kinaweza kuambiwa kipuuze kihisi chake cha ndani.

Kazi yoyote inayohusu umeme kamili wa nyumba ifanywe na fundi umeme aliyesajiliwa. Kwa mifumo ya volti 24 mwenye nyumba makini anaweza kuifanya mwenyewe, lakini naye azime mtambo kwenye swichi yake kuu na athibitishe kwa testa kwamba hakuna umeme kabla ya kugusa chochote. Piga picha ya nyaya za zamani zikiwa bado zimefungwa, kisha uziwekee alama kwa herufi za mahali zilipofungwa, kama R, W, Y, G na C. Usitegemee rangi, kwa kuwa si kila fundi aliyekutangulia aliziheshimu. Themostati nyingi za kisasa zenye Wi-Fi huhitaji waya wa C (waya wa pamoja unaokamilisha njia ya umeme) ili zipate umeme wa kudumu, kwa hiyo ukipitisha waya mpya chagua wenye nyuzi za ziada, na usiupitishe katika bomba moja na nyaya za umeme mkubwa.

Tundu la waya lililo nyuma ya themostati ni dogo kwa sura na kubwa kwa madhara. Katika kuta zenye uwazi ndani, hewa ya darini au ya chini ya nyumba husafiri ndani ya ukuta na kutokea hapo hasa, nyuma ya kihisi, na hivyo themostati iliyo mahali pazuri kabisa huishia kusoma joto la dari. Lizibe kwa silikoni au kwa kipande cha sufi ya kuhami, na kwa visanduku vyenye umeme mkubwa mwachie fundi atumie kizibio kinachoruhusiwa. Pima unyoofu kwa pima maji kabla ya kukaza skrubu. Kwa themostati za kisasa hilo ni suala la sura tu, ila zile za zamani zenye kichupa cha zebaki hupoteza usahihi zikiinama.

Kwa sakafu yenye joto, kihisi cha sakafu kiingizwe ndani ya kijibomba chake, kilichozibwa mwisho ili zege lisiingie, na kilale katikati ya mizunguko miwili ya bomba au waya wa joto bila kuugusa wowote. Kijibomba hicho ndicho kitakachowezesha kihisi kubadilishwa bila kuvunja sakafu. Kisiwe mahali patakapowekwa zulia nene au kabati lisilo na miguu. Kiwango cha Ulaya cha EN 1264 kinaweka ukomo wa nyuzi 29 kwa uso wa sakafu katika sehemu wanazokaa watu, 33 bafuni na 35 pembezoni karibu na kuta za nje, na kihisi kilichowekwa vibaya ndicho kinachoweza kuivusha sakafu mipaka hiyo bila mtu kujua. Kwa kuwa sakafu ya zege huchukua saa nyingi kupata au kupoteza joto, kosa lolote la themostati hapa hurekebika polepole sana.

Hatua ya nane: rekebisha na ufuatilie

Acha themostati ikae siku nzima baada ya kufungwa, kwa sababu mikono, kutoboa na vifaa vyake vyenyewe vya umeme huipasha joto. Kisha weka kipima joto unachokiamini kwenye sehemu wanayokaa watu na ulinganishe vipimo kwa nyakati kadhaa. Themostati nyingi za kidijitali zina sehemu ya marekebisho kwenye menyu. Ingiza humo tofauti uliyoiona katika majaribio, nusu nyuzi kwa nusu nyuzi, usiruke mara moja nyuzi mbili.

Sikiliza pia mwendo wa mtambo. Ukiwaka na kuzima kila baada ya dakika chache katika siku ya kawaida, jaribu tena ile karatasi ya shashi kabla ya kumwita fundi wa mtambo, maana huenda tundu la hewa limegeuzwa au samani imehamishwa. Kila samani kubwa, taa au televisheni mpya inayowekwa kwenye ukuta huo inabadilisha mahali ulipopachagua kwa uangalifu. Rudia vipimo vya siku moja majira yanapogeuka, hasa mara ya kwanza jua la baridi linapoingia ndani.

Ukitoa themostati ya zamani yenye kichupa cha zebaki, usiivunje wala kuitupa na takataka za nyumbani. Iweke nzima ndani ya chombo kilichofungwa vizuri na uipeleke panapopokelewa taka hatarishi.